Spea mbadala baada ya ajali: niliyojifunza Ohio kuhusu sheria, bima na gereji

Sheria ya jimbo la Ohio haimhakikishii mwenye gari lililogongwa kwamba atafungiwa boneti, fenda au bampa iliyotoka kwa kampuni iliyolitengeneza gari lake. Inachomhakikishia ni kuarifiwa, kabla kazi haijaanza, kwamba spea atakayofungiwa imetoka kwa mtengenezaji mwingine. Tofauti kati ya mambo hayo mawili imenigharimu fedha, usingizi na zamu kadhaa za kazi. Naiandika kwa ajili ya wasemaji wenzangu wa Kiswahili walioko Columbus, Dayton, Akron na Cleveland, ambao wengi wetu hatuna njia nyingine ya kufika kazini isipokuwa gari, na ambao hukutana na karatasi hizi kwa mara ya kwanza wakati bado tunatetemeka kwa kugongwa.

Ajali yenyewe haina maelezo mengi. Dereva mmoja alipita taa nyekundu na kunigonga pembe ya mbele ya kushoto, nikiwa kwenye Toyota Corolla ambayo bado nilikuwa nailipia mkopo. Polisi walifika, wakaandika kwamba kosa ni la mwenzangu, na bega langu likauma kwa muda kisha likapona. Gari halikuwa na bahati hiyo: boneti ilikunjika, fenda ya kushoto ikapasuka, kava la bampa likaning'inia, shoo, ule wavu wa mbele, ikavunjika pamoja na nembo, na taa kubwa ya kushoto ikabaki inatazama chini.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ni bima ipi itengeneze. Anayegongwa na mwenye kosa ana milango miwili. Anaweza kudai kwa bima ya aliyemgonga, ambayo kwa sheria ya Ohio lazima iwe na angalau dola 25,000 za uharibifu wa mali, au kama ana bima kubwa anaweza kudai kwa kampuni yake mwenyewe, atoe ile sehemu ya kwanza ya gharama iliyoandikwa kwenye mkataba, kisha kampuni yake ikamdai yule mwingine. Wengi huchagua kwa kuangalia haraka tu. Mimi pia nilichagua bima yangu kwa sababu ile nyingine haikuwa ikipokea simu, nikatoa dola 500 ambazo zilirudishwa miezi mingi baadaye. Lakini milango hiyo haifanani katika suala la spea. Ukidai kwa kampuni yako, umefungwa na maneno ya mkataba wako, na mikataba mingi husema wazi kwamba kampuni inaweza kulipia spea zisizo za kiwanda mradi ziwe za aina na ubora unaolingana. Ukidai kwa bima ya aliyekugonga, hukusaini mkataba wowote nayo. Unachomdai mteja wake ni hasara aliyokusababishia, na unaweza kudai pia kiasi ambacho thamani ya gari imeshuka kwa sababu tu limewahi kugongwa, hata likitengenezwa vizuri. Jambo hili niliambiwa na mwanasheria baadaye sana.

Ofisa wa madai alipitia picha nilizopiga kwa simu, na makadirio yakaja kwa barua pepe. Ni karatasi inayochosha macho: mistari mingi ya vifaa, saa za kazi, gharama za rangi, na pembeni ya kila kifaa herufi mbili au tatu ambazo hakuna anayekueleza maana yake. Nilimpelekea kaka mmoja mwenyeji wa Bukavu, ambaye amefanya kazi ya kunyoosha bodi hapa Columbus kwa miaka mingi. Hakugusa hata mstari wa jumla. "Dada, usianze na bei," aliniambia, "anza na hizi herufi za pembeni." Akaweka kidole kwenye mstari wa boneti, uliokuwa na A/M, yaani spea mpya iliyotengenezwa na kampuni isiyo Toyota. Mstari wa taa ulikuwa na LKQ, yaani kifaa kilichotumika, kilichochomolewa kwenye gari lingine. OEM, yaani spea ya kiwanda iliyotoka kwa mtengenezaji wa gari mwenyewe, ilionekana mahali pamoja tu, kwenye vibanio vya plastiki. Fenda na kava la bampa vilikuwa A/M, na mbele yake kumeandikwa CAPA, alama ya spea mbadala iliyopimwa na kuthibitishwa, lakini boneti haikuwa na neno hilo.

Chini ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na aya iliyosema kwamba makadirio yameandaliwa kwa kutumia spea moja au zaidi zisizotoka kwa mtengenezaji wa gari langu, na kwamba dhamana ya spea hizo, kama ipo, ni ya aliyezitengeneza au aliyezisambaza, si ya mtengenezaji wa gari. Aya hiyo haikuwekwa kwa hisani ya kampuni ya bima. Ni kifungu cha 1345.81 cha sheria za Ohio kinachoilazimisha. Kifungu hicho kinahusu vifaa vya bati na plastiki vya nje ya gari visivyo vya mitambo, na kinawahusu wote wawili, bima inayotoa makadirio na gereji inayokusudia kufunga spea hizo. Mteja akiomba makadirio ya maandishi, kila spea mbadala itambulishwe waziwazi, tangazo hilo liandikwe kwa herufi zisizopungua pointi 10, na mteja atie saini kukiri kwamba amelipokea. Asipotaka makadirio ya maandishi, bado lazima aarifiwe. Gereji ikikiuka katika kazi ya mlaji wa kawaida, inahesabiwa kuwa imetenda kitendo kisicho cha haki na cha udanganyifu chini ya sheria ya Ohio ya kumlinda mlaji.

Saini hiyo ndiyo kiini cha ulinzi wote, na ndiyo watu wetu huitoa bila kusoma. Siku hizi gereji nyingi humpa mteja kishikwambi na kumwonyesha pa kuchora jina kwa kidole, huku maandishi yenyewe yakiwa yameshapita juu ya skrini. Omba karatasi. Hakuna anayeweza kukukatalia, na ukiwa nayo mkononi utajua ni mstari gani unaukubali na ni upi unaukataa.

Nimefikiri kwa nini jambo hili linatushinda, nadhani sababu mojawapo ni namna tulivyozoea kutengeneza magari nyumbani. Dar es Salaam mwenye gari huenda mwenyewe Kariakoo, mitaa ya Gerezani, akiwa na fundi wake. Anaishika spea, anaigonga kwa kucha, anauliza kama ni ya mtumba kutoka Japani au mpya ya Kichina, anapatana bei, anaondoka nayo. Anaweza kudanganywa, lakini anachokinunua amekiona. Hapa Marekani bima inachagua, gereji inaagiza, msambazaji analeta nyuma ya jengo asubuhi, na mwenye gari hukutana na boneti ikiwa tayari imepigwa rangi na kung'arishwa. Karatasi ndiyo mahali pekee anapoiona spea kabla haijafungwa.

Sitaki msomaji aelewe kwamba spea mbadala ni feki. Spea bandia ni ile inayobeba nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza, na hiyo ni kosa la jinai. Mnamo Oktoba 2012 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa onyo kuhusu mifuko ya hewa ya namna hiyo. Spea mbadala inajitambulisha kwa jina la aliyeitengeneza, mara nyingi kiwanda cha Taiwan, na ubora wake hutofautiana sana. CAPA, iliyotajwa kwenye makadirio yangu, ni shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 1987 kupima spea hizi na kuzithibitisha, na spea iliyofaulu hubandikwa kibandiko cha njano na buluu chenye namba yake ya pekee. Kuhusu usalama, taasisi ya utafiti ya bima za magari, IIHS, iliwahi kugongesha ukutani Toyota Camry ya mwaka 1997 iliyoondolewa fenda za mbele, ngozi za milango na kava la bampa, ikiwa na boneti mbadala iliyothibitishwa na CAPA, na gari hilo likamlinda dereva sawa na lile lenye vifaa vyote vya kiwandani. Kwa hiyo anayekwambia kwamba fenda ya Taiwan itakuua anakutisha bure.

Hofu ya kweli iko mahali pengine. Iko kwenye chuma kilicho nyuma ya kava la bampa na kwenye fremu, ambavyo vinabeba nguvu ya mgongano. Iko kwenye boneti, kwa sababu ikifunguka gari likiwa mwendoni inakuja kwenye kioo. Na kwa magari ya sasa iko kwenye vihisi. Corolla yangu ina rada nyuma ya ile nembo ya mbele, ambayo ndiyo inayolitambua gari lililo mbele na kusaidia kufunga breki. Ukibadilisha shoo na nembo bila kuipimisha rada upya kwa utaratibu wa mtengenezaji, gari linaweza kuonekana jipya huku likitazama pembeni. Makadirio ya kwanza hayakuwa na mstari wowote wa kupimisha rada. Kaka wa Bukavu ndiye aliyeligundua hilo, nami nilisisitiza liingizwe kwenye makadirio ya nyongeza, yale yanayoandikwa gari likishafumuliwa na uharibifu uliojificha kuonekana. Liliingizwa bila ubishi mkubwa. Wewe pia uliza.

Nilimpigia ofisa wa madai nikiwa nimeandika maswali yangu, kwa sababu Kiingereza changu hupungua ninapokuwa na hasira. Nilimwomba anitumie ukurasa wa mkataba wangu unaozungumzia spea, akanitumia, na kweli ulisema aina na ubora unaolingana. Sikubishana naye juu ya fenda na kava, kwa kuwa zilikuwa na uthibitisho. Juu ya boneti nilimuuliza jambo moja: kampuni inathibitishaje kwamba boneti isiyopimwa na mtu yeyote inalingana kwa ubora na ile niliyokuwa nayo? Hakujibu palepale. Baadaye aliandika kwamba boneti yenye uthibitisho haikupatikana kwa toleo la gari langu na kwamba watalipia ya kiwanda. Makadirio mapya yakaja na OEM kwenye mstari huo. Nilifurahi kupita kiasi, nikidhani vita vimekwisha. Ushauri wangu kwa anayejikuta hapo ni kwamba aombe kila kitu kwa barua pepe, maana bila ule ujumbe wa ofisa nisingekuwa na la kusema baadaye.

Bima iliniletea orodha ya gereji inazofanya nazo kazi. Orodha hiyo ni mapendekezo. Unaweza kwenda unakotaka. Nilikwenda kwenye mojawapo kwa sababu ilikuwa karibu na kazini. Kabla ya kuacha gari popote, angalia kama gereji imesajiliwa na Bodi ya Matengenezo ya Magari ya Ohio, kwa kuwa gereji za kunyoosha bodi hapa zinatakiwa kusajiliwa. Ujue pia kwamba kanuni za jimbo kuhusu matengenezo ya magari zinakupa haki ya kupata makadirio kazi ikitarajiwa kuzidi dola 50, na kwamba gharama isizidi makadirio kwa asilimia 10 au zaidi bila idhini yako. Zinakupa pia haki ya kurudishiwa vifaa vilivyotolewa, isipokuwa kama uliambiwa mapema kwamba vitauzwa, vitafufuliwa au vitarudishwa kwa mtengenezaji. Niliomba kwa maandishi nirudishiwe boneti yangu iliyokunjika. Mpokezi alinitazama kwa mshangao, lakini aliandika.

Gari lilipotoka lilikuwa linameta. Nililipa, nikasaini, nikaenda nalo nyumbani. Kulipokucha, kwenye mwanga wa jua, niliona kwamba mwanya kati ya boneti na fenda ya kushoto ulikuwa unapanuka kadiri unavyokaribia kioo cha mbele. Upande wa taa hata kucha haikupita vizuri, na upande wa kioo kidole changu kidogo kiliingia. Nilimwita kaka wa Bukavu. Alifungua boneti, akapitisha kidole chini ya ukingo wake, pale ambapo bati la nje limekunjwa juu ya bati la ndani, na kunionyesha kwamba ule mstari wa ute mgumu unaofunga maungio kiwandani haukuwapo. Kisha akaelekeza tochi ya simu kwenye mbavu za ndani. Kwenye bati palikuwa na mhuri wa kampuni ambayo sijawahi kuisikia, na karibu yake gundi ya kibandiko kilichobanduliwa kabla ya rangi kukauka. Fenda ilikuwa na kibandiko chake cha njano na buluu kama ilivyoahidiwa. Boneti, iliyolipiwa kama ya Toyota, haikuwa ya Toyota.

Nilikaa kwenye gari nikalia, na sioni haya kulisema. Aliyenigonga nilimsamehe siku ile ile, kwa kuwa mtu hupitiwa. Huyu wa gereji aliniangalia usoni, akachukua fedha ya kitu kimoja na kunipa kingine, akiamini kwamba mtu mwenye lafudhi kama yangu hatafungua boneti.

Meneja wa gereji alisema kwanza kwamba bima ndiyo iliyoagiza hivyo. Ofisa wa bima akasema hilo ni la gereji. Hali hii ya kurushwa huku na kule ndiyo inayowachosha watu mpaka waache, na dawa yake ni maandishi. Niliandika barua fupi kwa gereji: tarehe ya makadirio, mstari uliosema OEM, picha ya mhuri, nakala ya ujumbe wa ofisa wa madai, kwamba sikuwahi kupewa wala kusaini tangazo la spea mbadala kwa boneti hiyo, na kwamba kifungu cha 1345.81 kinalitaka. Sikutukana wala kutishia. Niliomba boneti ya kiwanda ifungwe bila gharama, nikaweka siku ya mwisho ya kunijibu, nikatunza stakabadhi ya posta.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulikosea sana. Malalamiko dhidi ya gereji hupelekwa kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio, ambayo ndiyo inayosimamia sheria ya kumlinda mlaji. Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima hupelekwa kwa Idara ya Bima ya Ohio, kwa kuwa kampuni za bima zina kanuni zao, ikiwamo ile inayozitaka zikiri kupokea dai ndani ya siku 15 na kutoa uamuzi ndani ya siku 21 baada ya kupata uthibitisho kamili wa hasara. Ukipeleka kesi ya gereji kwa Idara ya Bima utapoteza wiki nzima. Siku niliyoweka ilipita bila jibu, nikajaza fomu ya Mwanasheria Mkuu. Barua ya ofisi hiyo ilipowafikia, meneja alinipigia mwenyewe. Boneti ya Toyota ilifungwa, mwanya ukanyooka, na safari hii nilisimama pale pale kuangalia lebo kabla haijapakwa rangi.

Ningeshindwa kwa njia hiyo, ningekwenda mahakama ya madai madogo, ambayo Ohio hupokea madai hadi dola 6,000 na haihitaji wakili. Mwanasheria niliyemwona alinieleza pia kwamba sheria ya mlaji humruhusu aliyedanganywa kudai hasara yake halisi, na mara nyingine hadi mara tatu yake, iwapo kitendo hicho kilishatangazwa kuwa haramu kwa kanuni au kwa hukumu ya awali. Alinionya nisitarajie miujiza, akinipa mfano wa Illinois. Mwaka 1999 kesi ya kundi, iliyofunguliwa kwa niaba ya wateja wengi kwa pamoja, dhidi ya kampuni ya bima ya State Farm kuhusu spea mbadala iliishia kwa hukumu ya zaidi ya dola bilioni 1.1, mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaifuta yote, ikisema pamoja na mengine kwamba kesi haikustahili kuendeshwa kama ya kundi na kwamba uvunjaji wa mkataba haukuthibitishwa. Naona mfano huo unaunga mkono jambo lile lile: kilichoniokoa mimi ni mstari mmoja ulioandikwa OEM na mhuri mmoja usiolingana nao.

Gharama zangu zilikuwa hivi. Bima ililipia gari la kukodi kwa kikomo cha dola 30 kwa siku, nazo siku ilizoruhusu ziliisha boneti ya pili ikiwa bado njiani, hivyo siku zilizobaki nililipa mwenyewe na sikurudishiwa. Zamu nilizokosa hazikulipwa na yeyote. Niliomba gereji ifidie gari la kukodi, ikakataa, na sikuwa na nguvu ya kuendelea. Nasikitika kwa hilo hadi leo, maana nadhani haki ilikuwa yangu.

Yamebaki matatu kwa anayeanza safari hii. Akiambiwa kwamba dhamana ya gari imekufa kwa kuwa limefungwa spea mbadala, asikubali haraka: sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inamkataza mtengenezaji kufanya hivyo kwa jumla, na akitaka kukataa dai fulani inambidi aonyeshe kwamba spea hiyo ndiyo iliyosababisha tatizo. Kama gari si lake bali amelikodi kwa mkataba wa miaka, asome mkataba huo kabla ya kuidhinisha chochote, kwa kuwa mingi hudai spea za kiwanda, na siku ya kulirudisha yeye ndiye atakayetozwa. Na anapohuisha bima, amwulize wakala kama kampuni inauza kifungu cha nyongeza kinachoahidi spea za kiwanda, gari la umri gani linakubaliwa, na ada inaongezeka kwa kiasi gani. Mimi nilikiongeza, na kwa gari ambalo bado lina mkopo naona ni fedha iliyotumika vizuri.